Bibi wa Kikapu cha Juu

Gurudumu lilisimama mchana, siku ambayo bustani ya michezo ilikuwa imefurika watu hadi kwenye majani yaliyokatazwa kukanyagwa. Halikusimama kwa upole kama lilivyozoea. Lilikoroma, likatoa mlio wa chuma kinachosaga chuma, likatikisika lote, kisha kimya. Vikapu vikabembea mbele na nyuma. Watu waliokuwamo wakapiga mayowe, na baada ya mayowe wakacheka, kwani walidhani hiyo nayo ni sehemu ya mchezo waliolipia.

Mwendeshaji hakucheka. Wenzake walimwita Breki, maana hakukuwa na mwingine aliyejua kulituliza gurudumu lile kama yeye; ukishuka katika zamu yake hata soda mkononi haimwagiki. Alibonyeza swichi ya kijani. Akabonyeza tena. Akazima kila kitu, akasubiri, akawasha. Mota ilinguruma bila kuzungusha chochote. Ndipo akainua macho, polepole, kama mtu anayejua atakachokiona, mpaka kwenye kikapu cha juu kabisa. Humo alikuwamo mama yake mzazi pamoja na binti yake wa miaka saba.

Hawakuwa na tiketi.

Mama yake alikuja mjini kutolewa mtoto wa jicho, akabaki ili amsaidie mkwewe ambaye alikuwa karibu kujifungua. Bandeji ilipoondolewa, kikongwe yule alishangaa kila kitu: rangi ya mapazia, mvi za jirani, meno ya mjukuu yaliyong'oka. Breki akaingiwa na furaha ya kitoto. "Mama," alimwambia, "lazima uione kazi yangu, na uione kutoka juu."

"Kazi yako naiona kwenye sahani kila siku," mama alijibu. "Inanitosha."

Lakini mwana aling'ang'ania, na mjukuu akadakia, na bibi hakuwa na nguvu ya kuwashinda wawili. Breki alijua sheria. Mfanyakazi atakayempandisha ndugu yake bure ajihesabu hana kazi. Kijana wa farasi wa kuzunguka alitimuliwa juzijuzi tu kwa ajili ya mpwa wake. Kwa hiyo alisubiri wakati foleni imekuwa vurugu, akawaingiza haraka, akafunga komeo. Kabla ya kufunga alimwinamia binti yake.

"Hapa kazini usiniite baba. Niite anko. Sawa?"

Mtoto alicheka mpaka akaziba mdomo. Aliupenda mchezo huo.

*

Kule juu, upepo uliokuwa ukiwapuliza wakati wa kuzunguka ulikufa mara gurudumu liliposimama, na bati la kikapu likaanza kupata moto.

"Bibi, kwa nini limesimama?"

"Limechoka. Hata wewe ungezunguka hivyo tangu asubuhi ungechoka."

"Litaamka saa ngapi?"

"Likishapumzika."

Bibi alizungumza hivyo huku amefumba macho. Macho yake mapya, aliyoyafurahia wiki nzima, yalikuwa yamemwonyesha kitu ambacho asingependa kukiona: paa la ofisi dogo kama kiberiti, vichwa vya watu vimetapakaa kama kunde zilizoanikwa, na kati ya vichwa hivyo, kimoja chenye kofia ya njano, cha mwanawe, kinakwenda huku na huku. Alishika chuma kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine.

Baada ya muda mtoto akanong'ona kwamba amebanwa. Bibi akamwambia avumilie. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akalia kwa aibu, na mkojo ukachuruzika kwenye sakafu ya kikapu, ukadondoka chini kupitia vitundu. Kutoka kikapu kilichokuwa chini yao mwanamume mmoja akatukana kwa sauti kubwa.

"Tusamehe, ni mtoto," bibi alisema, akiongea na hewa. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akampangusa mjukuu miguu, kisha upande ulio mkavu akamfunika nao kichwani ampunguzie jua. Yeye mwenyewe akabaki kichwa wazi, mvi zake zimesukwa mistari minne ya kulalia, mistari ambayo mkwewe alimsukia kwa matumizi ya ndani.

"Nimwite baba?" mtoto aliuliza.

"Alikwambia umwite nani?"

"Anko."

"Basi fuata alivyokwambia. Mkubwa akisema jambo ana sababu yake."

*

Chini, Meneja alikuwa amefika. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye viatu ambavyo havikuonekana kuwahi kukanyaga vumbi, na alitembea na simu mbili. Fundi umeme alifungua mfuniko wa mitambo, akachungulia, akatoa mkono uliojaa grisi nyeusi yenye vipande vya chuma.

"Giaboksi imejifia," alisema. "Imejifunga. Hata kwa mkono halizunguki hili."

Hakuna aliyeshangaa sana. Mlio ule ulikuwa umesikika tangu shule zifungwe, na Meneja alikuwa amewaambia wavumilie mpaka zifunguliwe, kwani huwezi kufunga duka siku ya soko. Sasa alilitazama gurudumu kana kwamba limemsaliti yeye binafsi.

Zimamoto walikuja na gari la ngazi. Kiongozi wao alitaka kujua vikapu gani vina watu, na Breki akamwonyesha kimoja kimoja kwa kidole. Alipofika cha juu alikishusha kidole. "Na pale kuna bibi mmoja na mtoto."

Meneja, aliyekuwa akipanga vipande vya tiketi mkononi, aligeuka. "Bibi gani? Zamu hii sioni tiketi ya mtu na mtoto."

Wafanyakazi walikuwa wamesimama pale wote: fundi umeme, mwuza tiketi, mlinzi wa kike wa getini. Watu wameinua simu, wanapiga picha. Breki akasikia ulimi wake unafanya kazi kabla ya moyo.

"Sijui. Huenda walipenya wakati wa msongamano."

Wakati huohuo sauti ilishuka kutoka juu, nyembamba lakini wazi, na watu wote wakanyamaza kuisikiliza.

"Mwanangu! Mwanangu, maji! Mtoto anazimia!"

Meneja akamtazama Breki.

"Anakuita wewe yule?"

"Wazee wote si huita hivyo," Breki akasema. "Hata wewe angekuita mwanangu."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliingia kirahisi. Meneja alitikisa kichwa akarudi kwenye simu zake, na mlinzi wa getini akaukinga mkono mdomoni, akajibu kwa niaba ya wote: "Vumilia mama, tunakuja!"

*

Zimamoto walianza na vikapu vya chini, kwa kuwa ngazi ilivifikia bila shida. Kila aliyeshushwa alipigiwa makofi. Vijana walishuka wakijipiga picha. Bwana mmoja aliyeshuka na suti alidai arudishiwe pesa yake kabla hata miguu haijagusa ardhi, na watu wakacheka. Jua lilizidi. Breki alileta chupa za maji, akazipandisha mwenyewe hatua ya kwanza ya ngazi, akamkabidhi zimamoto. "Hizi za kule juu," alisema. "Tafadhali, kaka. Za kule juu kwanza." Zimamoto akamjibu kwamba hakuna cha kwanza wala cha mwisho, ngazi inafuata njia yake.

Ilipofika zamu ya kikapu cha juu, ngazi haikutosha. Ikabidi zimamoto mmoja apande kwa vyuma vya gurudumu lenyewe akiwa na kamba, awafunge mikanda, awateremshe wakining'inia hadi kwenye ncha ya ngazi. Alianza na mtoto. Mtoto alishuka amelegea kama nguo iliyoloweshwa, kitambaa cha bibi kimemzunguka kichwa. Breki alikuwa wa kwanza kumpokea. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, macho yamezama. Aliyafungua, akamwona baba yake, akainua mikono yote miwili.

"Anko," alisema. "Anko, nimejikojolea."

Mlinzi wa kike alikuwa karibu. Alisikia. "Maskini," alisema, "mlete nimwoshe." Na Breki akamtoa binti yake kifuani mwake akamkabidhi.

Kisha bibi. Mkanda wa kwanza ulimkataa mwili, zimamoto akaufungua akaufunga upya, ukapita kati ya mapaja na kulivuta gauni juu. Alipoachiwa kwenye hewa miguu yake ilianza kutafuta ardhi ambayo haikuwapo. Kiatu kimoja kikadondoka, kikapiga bati la kibanda cha juisi, watu wakaangua kicheko. Haikuwa chuki, walikuwa wamechoka tu kuogopa. Lakini mapaja ya mwanamke mzee yalikuwa nje, na mvi zake za mistari minne zilikuwa nje, na simu zilikuwa zimeinuliwa nyingi kuliko wakati wowote tangu mchana. Hakupiga kelele. Alijaribu tu, kwa mkono mmoja, kulirudisha gauni mahali pake, na mkono haukufika.

Breki alikuwa amepanda nusu ya ngazi kumpokea. Nyuso zao zikakaribiana. Chini yao Meneja alikuwa amesimama, uso ameuinua.

"Lete mkono, bibi," Breki alisema. "Taratibu."

Mama yake alimtazama kwa yale macho yaliyotoka kusafishwa. Alimtazama kidogo tu. Kisha akampa mkono.

"Ahsante, kijana," alisema.

*

"Tiketi yako, mama," Meneja alisema, hata kabla hajapewa kiti.

Bibi alikuwa anavuta gauni lake chini, mguu mmoja peku kwenye lami ya moto. Aligeuza kichwa polepole, akamtazama Breki, na mlinzi aliyekuwa amembeba mtoto aliona kwamba alimtazama. Breki alikuwa anazikunja kamba ambazo hakuna aliyemwagiza azikunje.

"Sina, mwanangu," bibi alimwambia Meneja. "Nilipenya. Mlango ulikuwa wazi, watu wengi, nikamshika mjukuu wangu mkono tukaingia."

"Umepenya. Mtu mzima na mvi zako."

"Ndiyo. Shetani alinipitia."

Walimpeleka ofisini. Walimkalisha kwenye benchi ya wafanyakazi, wakampiga picha ya uso wa mbele na wa upande, wakamwuliza anakaa wapi naye akataja mtaa ambao si wao. Karani aliyekuwa akila chakula chake cha mchana alimwuliza kama kweli haoni aibu, umri huo, kuiba mchezo wa watoto. Bibi akasema anaona. Meneja aliingia na kutoka, na kila alipotoka sauti yake ilisikika kwenye simu ikieleza kwamba hitilafu ndogo imetokea, imesababishwa na watu waliojipenyeza bila utaratibu na kuzidisha uzito. Mwanzoni alisema watu. Kufikia jioni alikuwa anasema bibi mmoja.

Walimwachia. Alitoka getini na mjukuu mgongoni na kiatu kimoja mguuni, hakuna aliyemsindikiza. Breki aliwafuata baada ya zamu kwisha, mbio, akawakuta nusu ya njia wamekaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Mama."

"Mpokee mtoto, mgongo unaniuma."

"Mama, mimi..."

"Nimesema mpokee mtoto." Alipomaliza kumkabidhi alijishika magoti akainuka. "Hili limekwisha. Mkeo asilijue. Ana mzigo wake tumboni, hahitaji mwingine. Na wewe," akamgusa mjukuu shavu, "ukiulizwa, tulikwenda kutembea tukachomwa na jua."

"Na tuliona mji," mtoto alisema.

"Na tuliona mji."

*

Mkewe Breki alikuwa msusi. Alisukia barazani pa nyumba yao ya vyumba viwili, mteja kwenye kigoda, yeye amekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki kwa sababu tumbo lilikuwa limekua kiasi cha kumzuia kusimama muda mrefu. Alikuwa ameamini habari ya jua. Alimpaka mkwewe mafuta usoni, akamkanda miguu, akamwuliza kiatu kiko wapi, akaambiwa kilikatika.

Siku ya tatu alikuwa anamsuka mwuza duka, dada ya mwuza duka amekaa kando. Dada alikuwa anaperuzi simu.

"Hebu mwone huyu bibi mwizi," alisema akicheka. "Amekwenda kuiba bembea, Mungu akamning'iniza hadharani."

"Leta nione," mwuza duka akasema, na simu ikapita mbele ya macho ya msusi.

Aliona miguu kwanza. Miguu aliyoikanda. Kisha mistari minne ya nywele, na alijua kazi ya vidole vyake mwenyewe kama mtu anavyojua mwandiko wake. Video ilikuwa imewekewa muziki wa kuchekesha. Na mwishoni, kwenye ngazi, mwanamume mwenye kofia ya njano alinyoosha mkono, na sauti yake, isiyo na shaka, ikasema: lete mkono, bibi.

"Vipi, mbona umeacha kusuka?" mwuza duka aliuliza.

"Uzi umenikwama," msusi alisema. Akausuka mstari ule hadi mwisho, akaanza mwingine. Vidole havikukosea. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, mkwewe alikuwa anapepeta mchele, na kicheko cha yule dada kilikuwa kinapita kwenye pazia bila kizuizi. Mchele ulinyamaza. Kisha ukaendelea kupepetwa.

Mumewe aliporudi alimkuta kitandani, amelalia ubavu, uso ukutani.

"Unaumwa?"

"Umemwita bibi," mkewe alisema. "Mama aliyekuzaa, ananing'inia kama mbuzi buchani, unamwambia lete mkono bibi."

Breki alikaa chini, sakafuni, karibu na mlango. Alieleza. Alieleza sheria, na kijana wa farasi wa kuzunguka, na kodi, na hospitali, na tumbo lake yeye. Yote yalikuwa kweli.

"Usiniweke mimi humo," mkewe alisema. "Tumbo langu halikukutuma."

"Ulitaka nifanye nini?"

"Sijui. Mimi sikuwapo pale. Wewe ndiye uliyekuwapo."

*

Asubuhi yake, getini pa bustani, palikuwa na bango jipya. Meneja alikuwa amechagua ile picha ya uso wa mbele. Bibi alikuwa ameikodolea kamera macho kwa utiifu, kama alivyoambiwa na daktari wa macho akodoe. Chini yake maandishi mekundu yalisema kwamba mtu huyu haruhusiwi kuingia, na kwamba wanaopenya huhatarisha maisha ya wengine. Watoto wa shule walikuwa wanaigiza picha ile, mmoja akikodoa macho, wengine wakivunjika mbavu.

Breki alipita. Alifika hadi kwenye gurudumu lililozungushiwa utepe, akachukua fagio, akafagia mahali palipokuwa safi. Kisha akaliweka fagio chini akarudi getini, akaliondoa bango. Lilikuwa limegandishwa vizuri. Lilitoka kipande kipande. Mlinzi wa kike alimtazama bila kumzuia.

"Unafanya nini wewe?" Meneja alikuwa anaingia.

"Huyu ni mama yangu," Breki alisema. "Mama yangu mzazi. Mimi ndiye niliyempandisha. Hakupenya. Yule mtoto ni wangu."

Meneja alimtazama kwa muda, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayerekebisha hesabu kichwani.

"Ulikuwa wapi siku ile?"

"Nilikuwapo."

"Ungenyamaza, nisingejua kamwe. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Haya. Shati ni la kampuni. Na kofia."

Akavua palepale, mbele ya foleni ya asubuhi, akabaki na fulana yenye tundu begani. Alipogeuka kuondoka aliuliza: "Na picha?"

"Picha itarudi," Meneja alisema. "Mama yako au mama wa nani, tiketi alikuwa nayo?"

*

Hata hivyo alirudi nyumbani mwepesi. Njia nzima alihisi kifua chake kimefunguka, akawasalimia watu asiowajua. Mama yake alikuwa barazani anamchambulia mjukuu mboga. Breki akapiga magoti mbele yake, fulana yake na tundu lake, akamwambia yote, haraka, kama mtoto anayeleta matokeo mazuri ya mtihani. Alimwambia maneno yenyewe aliyoyasema, mbele ya nani, na kwamba alilibandua bango kwa kucha zake.

Mama aliweka mboga chini.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza, ndiyo. Lakini mama, nimesema. Watu wote wamesikia."

"Nani alikutuma?"

Breki hakuelewa.

"Nakuuliza, nani alikutuma? Nilikaa kule juu nikafikiri. Mtoto yuko mapajani mwangu amelegea, nikafikiri: nikishuka nitasema nimepenya, na mwanangu atabaki na kazi yake. Nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mimi mwizi. Wakanipiga picha. Karani aliniuliza kama sina aibu, huku anatafuna, nikasema ninayo. Nilikaa kwenye lile benchi nikijiambia, haya yana faida. Haya yanalipa kitu." Sauti yake ilipanda, na jirani akafunga dirisha kwa adabu. "Sasa yamelipa nini? Mtaani mimi ni mwizi, ofisini mimi ni mwizi, na picha unasema inarudi. Na kazi huna. Yamelipa nini?"

"Nilitaka kukuondolea aibu, mama."

"Aibu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshaimeza. Wewe umekwenda kujiosha mwenyewe. Umeoga, umetakata, umerudi unang'aa. Mimi umeniacha palepale."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Alitaka kumtetea mumewe, kwani yeye ndiye aliyemchokoza usiku. Alitaka pia kumtetea mkwewe. Akaishia kumwinua mtoto aliyeanza kulia akaingia naye ndani.

Breki alibaki amepiga magoti. Lile jambo alilodhani ameliacha getini lilikuwa zito tena, na sasa yalikuwa mawili.

*

Kulipokucha mama hakuonekana. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mkewe alisema alimsikia akioga mapema, kisha akamjia kuazima viatu na kumwuliza njia ya kwenda bustani kwa mguu.

Breki alitoka mbio.

Alimwona kutoka mbali, amesimama getini, amevaa gauni lake zuri la kwendea hospitali na kitambaa kipya kichwani. Kando yake, ukutani, uso wake ulikuwa umebandikwa tena, gundi bado mbichi. Mlinzi wa kike alikuwa amesimama katikati ya geti, si kwa ukali, lakini amesimama.

"Siwezi kukuruhusu, mama. Ni amri. Unaiona picha."

"Sitaki kuingia. Mwite tu bosi wako."

"Hawezi kutoka kwa ajili hiyo."

"Basi mpelekee maneno. Utampelekea?"

"Sema."

Breki alikuwa amekaribia kiasi cha kusikia. Alisimama nyuma ya foleni, pumzi zinamkata.

"Mwambie yule kijana wa gurudumu ni mwongo," mama yake alisema. Alisema kwa sauti, ili na foleni isikie. "Alinionea huruma tu akajibebesha. Simjui, hanijui. Mimi sina mtoto. Mimi sijazaa. Nilipenya mwenyewe, na kosa ni langu peke yangu. Wamrudishie kazi yake, ana mke mjamzito, nimesikia watu wakisema."

Mlinzi alikuwa amewaona wote wawili kwenye ngazi siku ile, uso kwa uso: paji lilelile, kidevu kilekile chenye shimo. Alikuwa amemwosha yule mtoto kwa mikono yake, na mtoto, akiwa nusu usingizini, alikuwa ameita jina ambalo si anko.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Nitamwambia."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Nenda nyumbani, jua litakuchoma."

Alitimiza ahadi. Alikwenda ofisini mchana huohuo akayasema yote, na Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akamwambia kijana mwingine tayari ameshapewa shati.

Lakini hayo yalikuwa bado. Kwa wakati ule bibi alishukuru, akageuka, na macho yake yakakutana na ya mwanawe nyuma ya foleni. Breki akapiga hatua, mdomo wazi. Mlinzi alikuwa bado anatazama. Bibi aliona kwamba mlinzi anatazama. Akakaza kitambaa chake, akampita mwanawe karibu kabisa, gauni likagusa mguu wake, na hakugeuza shingo, na hakumsalimu, akashika njia kwa viatu vya kuazima.